Jibu la Kamikazi Kwenye Uwanja wa Gofu

"Ile nyumba ya papa yangu kule Nguba, Mulume. Nani njo anaikala mule?"

Kabla Mulume hajafungua kinywa, kibao kiliinuliwa mbele ya pua zao. Kiliandikwa neno moja kwa rangi nyekundu: CECEKA, yaani nyamaza. Aliyekishika alikuwa Mzee Damascène, mstaafu wa posta aliyevalishwa koti la njano na kupewa kazi ya kulinda kamba pamoja na masikio ya wachezaji.

"Batoto yangu," alinong'ona mzee, "ule dada anataka kupiga. Mutagombana kiisha."

Watu wapatao mia mbili walinyamaza. Mchezaji aliinama juu ya mpira mdogo mweupe, akaugusa kwa fimbo, nao ukatambaa taratibu hadi ukaanguka shimoni. Makofi yakapigwa. Kibao kikashuka.

"Maman yangu," alisema Mulume.

"Maman yako nini?"

"Njo anaikala mule."

Kamikazi hakupaza sauti. Wenzake wa hospitalini walijua kwamba akikasirika sauti yake hushuka.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi, nonante-six," alijibu, yaani 1996.

"Ule ule mwezi papa yangu alikimbia."

"Ule ule."

"Na miaka mbili unakula ku meza yetu, haukusemaka."

"Sikusemaka."

"Juu ya nini?"

Mulume aliitazama bendera iliyosimama shimoni.

"Ile siwezi kukuambia leo."

Ilikuwa Jumamosi, Septemba 2003. Kampuni moja ya chai, juu ya vilima vya Rusizi upande wa Rwanda, ilikuwa imefyeka upya uwanja wa mashimo tisa ulioachwa na mameneja wa zamani, ikaalika wanawake wanane wanaocheza gofu kama kazi yao, kutoka Kenya, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini. Mulume alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Bendera zote tisa zilikatwa kwenye jora lake, na kwa hiyo akapewa kadi mbili za kuingilia. Hakuwahi kuona gofu. Kamikazi naye hakuwahi. Mulume alipachagua kwa sababu moja tu: hapakuwa kwao, wala hapakuwa kwa kina Kamikazi.

Kamikazi alikuwa ameahidi kumpa jibu siku hiyo. Kesho yake, baada ya misa, wajomba wa Mulume walikuwa wavuke daraja la Rusizi I na vinywaji vyao kuja kumwomba. Kama jibu lilikuwa hapana, Mulume alipaswa kuwazuia leo, maana wazee kuvushwa mpaka na kurudishwa mikono mitupu ni aibu isiyofutika kwa mwaka mmoja.

Tatizo lilianza jana jioni. Mukankusi, muuza nyanya anayevuka kila siku, aliingia kwa mama yake Kamikazi akihema, akasema ameiona nyumba yao ya Nguba, ile waliyoikimbia Wanyarwanda walipofukuzwa Bukavu, wakidhani imebomolewa, na ndani yake anaishi mama yake Mulume. Mama yake Kamikazi, Mukandayisenga, hakulala.

"Utaolewa na mutoto ya bantu balitunyanganya?" alimwambia binti yake alfajiri. "Utamwita maman, ule mwenye analala mu chumba yangu?"

Kamikazi alivaa viatu akatoka. Alikuwa fundi wa maabara. Miaka sita alikuwa amesikia wagonjwa wakiapa kwamba wana malaria, na miaka sita alikuwa akiwaambia wasubiri darubini iseme. Alitaka kusikia kwa Mulume mwenyewe. Sasa alikuwa amesikia.

Umati ulisogea kuelekea shimo la sita. Pande zote mbili za njia, majani ya chai yalishuka bondeni yakiwa mabichi na mazito, na wachumaji walikuwa wamesimama na vikapu mgongoni, wakishangaa.

"Unajua miye niko muntu wa namna gani," alisema Kamikazi wakitembea. "Sihukumu bila kupima. Nakuuliza mara ya mwisho. Mulinunua ile nyumba?"

"Hapana."

"Papa yangu aliwapatia karatasi?"

"Hapana."

"Serikali iliwapatia?"

"Hapana, Kamikazi."

"Basi munaikala mu nyumba ya bantu."

"Eeh. Ni nyumba ya bantu. Yenu."

"Na hauna neno la kuongeza?"

"Niko nayo. Lakini nilimuahidi muntu nisiseme. Na hata nisingemuahidi, leo njo siku ya mubaya sana ya kusema."

"Basi waambie ba oncle yako basivuke."

Mulume alisimama. Alikuwa mwanamume mrefu, aliyezoea kubeba majora mawili begani tangu ujana, na mabega yake yalishuka kana kwamba yamepakiwa mengine.

"Njo jibu?"

"Njo jibu."

"Sawa."

Hakubembeleza, na hilo lilimuudhi Kamikazi kuliko kama angepiga magoti. Mulume alitoa simu mfukoni, akaandika polepole kwa kidole gumba. Kamikazi aliusoma ujumbe kwa pembeni: *Ba oncle, musivuke kesho. Amekataa. Asikosewe heshima, iko na sababu zake.*

Mkono wa njano ulifunika simu.

"Papa," alisema Mzee Damascène, "hapa simu inafungwa. Balituambia ikilia, ule dada anaweza kukosa shimo, na akikosa shimo anakosa mushahara. Weye utamulisha?"

"Mzee, ni message moja tu."

"Unaitumia kule ku mti. Kiisha kupiga."

Mulume alizima simu.

Mchezaji wa Kenya, msichana mwembamba mwenye kofia nyeupe, alijipinda na kupiga. Hata asiyejua gofu alijua kwamba pigo limeharibika: mpira ulipinda kushoto, ukapita juu ya vichwa, ukazama katikati ya chai.

"Ina maana gani?" Kamikazi alimuuliza mzee, kwa sababu alipenda kujua taratibu hata siku ya msiba.

"Iko na dakika tano za kuitafuta. Ikipotea, anarudia fasi alipigia, na banamuongezea pigo ya adhabu. Na mu chai, Maman, mupira haionekanake."

Lakini kabla dakika moja haijaisha, sauti zilisikika bondeni.

"Musikaribie! Mubakie kule kule!"

Umati ulikimbilia kwenye kamba. Chini, wachumaji wanne walikuwa wameshawarudisha wenzao nyuma. Mmoja alikuwa akichomeka vijiti ardhini, kimoja baada ya kingine, kwa mduara uliolingana vizuri. Alipomaliza alirudi kinyumenyume akikanyaga nyayo zake mwenyewe, kisha akafunga kitambaa chake chekundu kwenye kijiti cha mbele.

Mkenya alishuka akihema, refa nyuma yake.

"Mmeuona mpira wangu, mama?"

"Usipite ile miti, mutoto yangu," alisema mchumaji mwenye vijiti, ambaye wenzake walimwita Maman Béatrice. "Tulisha tuma muntu aite asikari."

"Askari wa nini? Huo ni mpira tu."

"Pengine. Sisi hatujue. Iko nyeupe, iko duara, imetoka hewani. Balitufundisha ku ofisi ya commune: ukiona kitu duara mu majani, usikamate, zungushia miti, simamisha bantu, ita asikari. Mutoto ya dada yangu alikamataka moja, nonante-sept. Alizani ni ya kuchezea, kumbe ni bomu."

Mkenya aliyekuwa ameanza kutabasamu aliacha. Hakuna aliyehitaji kuuliza huyo mtoto yuko wapi. Kamikazi aliwahi kupima damu ya watoto wa namna hiyo. Alijua.

Askari alifika mbio, bunduki mgongoni. Aliinama nje ya mduara, akatazama, akatazama tena.

"Ni mupira," alisema.

Bonde zima lilicheka, na Maman Béatrice alicheka kuwapita wote. Refa aliangalia saa: dakika tatu na nusu. Mpira ulikuwa palepale ulipoangukia, haujaguswa na mtu. Mchezaji angepoteza pigo moja kuutoa kwenye chai, lakini asingerudi juu kuanza upya.

Mkenya alimshika Maman Béatrice kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Kwingine watu huokota wakaenda nao nyumbani, au wananiletea mkononi, na hapo hakuna ajuaye ulikuwa wapi. Nyinyi mmeulinda mpaka mwenyewe nimefika."

"Kitu si yako, unaichunga, haukamate," alisema Maman Béatrice. "Ni ya kusemea merci ile?"

Ndipo simu ya Kamikazi ilipolia. Mzee Damascène aligeuza uso akawa anatazama mawingu. Mchezo ulikuwa umesimama, na yeye alikuwa mtu wa kanuni lakini si wa roho mbaya.

"Allô, Maman."

"Umeshamwambia?" Sauti ya Mukandayisenga ilikuwa kavu.

"Nimeshamwambia. Ni hapana."

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Sasa sikia mengine. Mukankusi iko hapa, ananiambia vizuri. Bale bantu hawana haya. Unajua picha ya papa yako, ile ya koti nyeusi? Bameiacha ku ukuta. Njo kusema banamucheka kila siku."

"Iko bado ku ukuta?"

"Iko. Mukankusi anasema ule maman alikuwa anaipangusa vumbi, vile anaingia."

"Anaipangusa?"

"Na chumba yetu bameifunga na kufuli. Sijue bameficha nini mule. Yeye iko na kitanda yake mu salon, karibu na mulango, sawa sentinelle, mulinzi wa usiku. Nyumba nzima, analala mu salon. Ni wazimu?"

"Maman, kata kwanza. Nitakupigia."

Kamikazi alisimama akivitazama vile vijiti vilivyochomekwa. Mwizi hapangusi picha ya mwenye nyumba kwa miaka saba. Mwizi hafungi chumba kizuri kwa kufuli akalala mlangoni. Alichoambiwa jana jioni kilikuwa kweli tupu. Waliosoma matokeo ndio walikosea, na yeye alikuwa mmoja wao.

Alimkuta Mulume chini ya mti, simu mkononi, akiiwasha.

"Umetuma?"

"Inatafuta réseau."

"Acha kwanza. Nitakuuliza maswali. Uliahidi usiseme, haukuahidi usijibu eeh ao hapana."

"Kamikazi."

"Papa yangu alifika ku daraja tarehe vingt-huit, mwezi wa kumi. Alifika amevaa kitenge ya mwanamuke na kilemba, juu ya machela ya kanisa, kama muntu wa kuumwa. Ile kitenge ilikuwa ya maman yako?"

Mulume aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Eeh."

"Siku ngapi alikuwa kwenu?"

"Ile si ya eeh ao hapana."

"Mulume."

"Siku tano. Chini ya majora, mu dépôt ya vitambaa."

"Machela. Balibeba bantu wawili. Papa alisema mumoja alikuwa kijana murefu, alikuwa analia njia yote."

"Sikuwa nalia njia yote," alisema Mulume. "Nilianza ku barrière ya pili ya asikari."

Kamikazi alikaa kwenye majani. Mulume naye akakaa, akiacha nafasi kati yao.

"Sasa sema," alisema Kamikazi. "Vita ilishaisha mwezi wa saba, balitangaza ku radio. Ahadi ilikuwa mpaka lini?"

"Mpaka vita iishe. Papa yako njo alituomba. Alisema majirani bakijua maman alimuficha, batamwita musaliti, batamuchoma na nyumba. Kiisha vile alivuka, asikari balipita Nguba, kila nyumba ya Munyarwanda banaandika crayon ku mulango, kesho bantu banaingia kuinyanganya. Maman alibeba godoro yake akaenda kulala mule. Balipomuuliza nyumba ni ya nani, alisema ni yangu. Anasema njo uongo moja tu ile hakupelekaka ku confession."

"Na chumba?"

"Ni ya bazazi yako. Haingiake, ni kufagia tu."

"Vita iliisha Julai. Tuko Septemba. Juu ya nini haukuniambia?"

Mulume aling'oa jani la chai, akalikunja.

"Siku nilikuja kupimwa malaria, nilisoma jina ya papa yako ku badge yako. Kiisha nikakuangalia ku paji la uso: ni yeye. Nilirudia mara ya pili bila malaria."

"Najua. Nilipima. Haukuwa na kitu."

"Nilijiambia: nikisema, huyu binti atanikubali juu ya merci. Maman yake atanikubali juu ya merci. Na miye nitaikala maisha yote sijue kama nilipendwa ao nililipwa. Nilitaka unijibu kwanza, kiisha nikuambie. Njo maana nilisema leo ni siku mubaya."

Shangwe ilisikika juu. Mtu alikuwa ametia mpira shimoni kwa mbali. Wao wawili hawakugeuka.

"Sikia vizuri," alisema Kamikazi. "Ile merci si yako. Ni ya maman yako, na nitaipeleka kwake miye mwenyewe, leo, kwa miguu yangu. Tangu nonante-cinq, vile miye na maman tulitangulia papa kukimbia, sijavuka ile daraja. Yako ni kitu ingine, na iko na tarehe."

"Tarehe gani?"

"Jumatano. Jumatano niliandikia chef yangu barua ya kuomba congé ya wiki mbili, mwezi wa kumi na mbili. Sababu: mariage. Iko na cachet, muhuri ya hospitali. Mukankusi aliona nyumba Ijumaa. Jumatano sikujua nyumba, sikujua kitenge, sikujua machela. Nilikuwa najua weye tu. Unaweza kwenda kuisoma."

Mulume alilitupa lile jani la chai.

"Uliniombea congé mbele ya kunijibu?"

"Decemba inajaa haraka."

"Na chef alikubali?"

"Alikubali. Tangu Jumatano uko unaolewa na kibali ya serikali, haukujua."

Mulume alicheka, kisha akafunika macho kwa kiganja. Kamikazi alichukua simu mkononi mwake, akafuta ule ujumbe, akamrudishia. Halafu akapiga yake.

"Maman. Papa alipofika na ile kitenge, alikuambia ni ya nani?"

"Unauliza nini sasa? Ya maman moja wa Bukavu. Alikatala kutaja jina mpaka anakufa. Ule maman namuombea kila Jumapili, miaka saba, bila jina. Namwambia Mungu: weye unamujua."

"Jina yake ni Bernadette," alisema Kamikazi. "Anachunga nyumba yako. Analala mu salon juu chumba ni yako na papa. Ni maman ya Mulume."

Kule upande wa pili kiti kilisogezwa. Halafu simu ilikatika.

"Amekasirika?" aliuliza Mulume.

"Sijue. Hajawahi kunikatia."

Hawakungoja mshindi. Walimuaga Mzee Damascène, aliyewauliza kama wamemaliza kugombana. Walipojibu ndiyo, alisema ni vizuri, maana walikuwa wamemchosha kuliko wachezaji wote wanane. Pikipiki mbili ziliwashusha hadi Rusizi I saa kumi na nusu, mpaka ukiwa bado na saa moja na nusu kufungwa.

Mukandayisenga alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye foleni kati ya wabebaji wa maharagwe na wauza mayai, amevaa mushanana wake wa misa siku ya Jumamosi, kapu la viazi vitamu na kuku mmoja miguuni pake.

"Maman," alisema Kamikazi, "unaenda wapi?"

"Mule mule munaenda."

"Maman," Mulume alisema akiinamisha kichwa, "kesho ba oncle banakuja kwako. Upande wa binti hautanguliake. Bantu batasema."

"Baseme. Miaka saba ule maman alinitangulia, nani alisema?" Alimtazama kijana usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Asubui nilikutukana, mutoto yangu. Haukusikia, lakini nilikutukana. Unisamehe."

"Sikusikia, Maman."

"Njo vizuri. Beba kuku."

Foleni ilisogea. Afisa wa uhamiaji, kijana mwenye kalamu ya buluu, alifungua daftari.

"Majina?"

"Mukandayisenga."

"Unaenda wapi?"

"Bukavu. Nguba."

"Sababu ya safari?"

"Kushukuru."

Kalamu ilisita hewani.

"Maman, hapa iko biashara, matibabu, matembezi, ao familia. Kushukuru haiko. Niandike gani?"

Mukandayisenga alifikiri. Alimtazama binti yake. Alimtazama Mulume, aliyekuwa amemkumbatia kuku kama mtoto mchanga, mabega yamenyooka. Kisha akarudisha macho kwa afisa.

"Andika familia."